Kusoma taarifa za utayari wa marubani wa Luftwaffe, hatua kwa hatua

Ukitaka kujua jeshi la anga la Ujerumani lilikuwa na nguvu kiasi gani siku fulani ya Vita Kuu ya Pili, usianze na idadi ya ndege. Anza na idadi ya watu waliokuwa tayari kuzirusha. Mwaka 1944 viwanda vya Ujerumani vilitoa karibu ndege 40,000, nyingi kuliko mwaka mwingine wowote wa vita, na ndio mwaka ambao jeshi hilo, Luftwaffe, lilishindwa kulinda hata anga la nyumbani. Kituo chenye mabasi arobaini na madereva kumi na saba hakitoi mabasi arobaini barabarani. Wajerumani walilijua hilo tangu mwanzo, na taarifa za vikosi vyao zilihesabu mashine upande mmoja na watu upande wa pili. Tatizo ni letu sisi wasomaji: tunanakili upande wa mashine, tunauacha ule mwingine.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata nakala ya taarifa hizo, iwe picha ya filamu ndogo, ukurasa uliochapwa upya kitabuni au jedwali alilopewa na mwenzake, na anataka kuisoma bila kupotea. Huhitaji Kijerumani kingi. Maneno yanayojirudia kwenye karatasi hizi ni machache, na yaliyo muhimu utayakuta humu.

Hatua ya kwanza: kitambue kikosi

Mwanzoni mwa mstari utaona kitu kama I./JG 26, au 7./JG 26, au III./KG 4. Usikimbilie tarakimu za kulia kabla hujaelewa hizi za kushoto, maana ukikosea hapa utakosea mpaka mwisho.

Ngazi ya chini ni Staffel. Kwa kawaida Staffel tatu zilifanya Gruppe moja, na Gruppe tatu zilifanya Geschwader. Staffel huandikwa kwa tarakimu za kawaida, Gruppe kwa tarakimu za Kirumi. Hivyo 7./JG 26 ni Staffel ya saba ya JG 26, na kwa mpangilio wa tatu tatu, ya saba, ya nane na ya tisa zote ni za III. Gruppe. Herufi zinakwambia kazi ya kikosi: JG ni ndege za mapigano ya angani, KG ni ndege za mabomu, StG ni Stuka, yaani ndege zinazoshuka wima kudondosha mabomu, ZG ni ndege za mapigano zenye injini mbili, NJG ni zile za mapigano ya usiku. Neno Stab ni ofisi ya kamanda, nayo ilikuwa na ndege zake chache na marubani wake. Zihesabu. Mara nyingi hao wachache ndio waliokuwa mahodari kuliko wote.

Ngazi ya kusomea ni Gruppe. Kuijumlisha Geschwader nzima kunapotosha, kwa sababu sehemu zake hazikukaa mahali pamoja. Hiyo JG 26 inajulikana kama kikosi cha kaskazini mwa Ufaransa, lakini mwaka 1941 Staffel yake ya saba ilikuwa Sicily ikipigana juu ya Malta, na Januari 1943 I. Gruppe ilipelekwa Urusi, huku III./JG 54 ikiletwa magharibi kuchukua nafasi yake. Mtu akijumlisha mistari yote ya JG 26 ya Machi 1943 na kusema hawa ndio waliokuwa wakiwasubiri Waingereza, amewahesabu watu waliokuwa kwenye theluji ya Urusi.

Majina nayo yalibadilishwa. I./JG 20 iliitwa III./JG 51 kuanzia Julai 1940. Vikosi vya Stuka vilipewa herufi SG Oktoba 1943. Ukiona mstari umetoweka kati ya taarifa moja na inayofuata, angalia kwanza kama umerudi kwa jina jingine kabla ya kuandika kwamba kikosi kimefutika.

Hatua ya pili: jua umeshika karatasi ipi

Kuna aina nne za karatasi ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ndiyo tunayoitaka: taarifa ya nguvu na utayari, inayoonyesha kwa siku moja kikosi kina ndege ngapi, ngapi zinaweza kuruka, kina watu wangapi, wangapi wanaweza kupigana. Taarifa hii ilipanda ngazi kwa ngazi: kutoka Staffel hadi Gruppe, Geschwader, kisha kikosi kikuu cha anga (Fliegerkorps), kisha Luftflotte, kundi kubwa linalojumuisha vikosi vikuu hivyo, hadi kwa mkuu wa ugavi wa makao makuu, aliyeitwa Generalquartiermeister. Ilisafiri kwa teleprinta, au kwa redio pale ambapo waya haukufika. Makao makuu yalijumlisha na kutoa orodha za jeshi zima. Kiangazi cha 1940 orodha hizo zilitoka kila wiki, na nyingi zilizosalia zina tarehe ya Jumamosi.

Ya pili ni taarifa ya mwezi ya ndege zilizoingia na zilizotoka. Hii inaanza na idadi ya tarehe 1, inaonyesha ndege mpya, zilizorudi kutoka matengenezo, zilizotoka vikosi vingine, halafu zilizopotea kwa mkono wa adui, zilizopotea bila adui, zilizopelekwa karakana kubwa na zilizogawiwa kwingine, na kuishia na idadi ya mwisho wa mwezi. Ni hazina kubwa, lakini ni hesabu ya mashine. Humu hamna watu.

Ya tatu ni orodha ya hasara, ambayo nitairudia baadaye.

Ya nne si taarifa kwa maana kamili, ni maagizo ya zamu: rubani wa ndege ya mapigano angeweza kuwekwa kwenye utayari wa dakika 30, wa dakika 15, wa dakika 3, au akae ndani ya ndege amefungwa mikanda akisubiri ishara, hali waliyoiita Sitzbereitschaft. Kumbukumbu za marubani zimejaa maneno hayo. Huo ni utayari wa saa moja au mchana mmoja. Rubani aliyekuwa kijijini akinywa kahawa kwa ruhusa ya nusu siku bado alihesabiwa kuwa tayari kwenye taarifa ya kikosi. Usichanganye mambo hayo mawili.

Hatua ya tatu: soma safu za ndege, kisha zifunike kwa kiganja

Safu za kwanza za tarakimu ni tatu. Soll ni idadi ambayo kikosi kilipaswa kuwa nayo kwa mpango. Ist ni idadi iliyokuwepo kweli. Einsatzbereit, mara nyingi imefupishwa e.b., ni zile zilizoweza kwenda vitani siku hiyo.

Soll ni karatasi tu, lakini ukiijua inasaidia. Gruppe ya ndege za mapigano mwanzoni mwa vita ilipangiwa ndege 40: kumi na mbili kwa kila Staffel, na nne za Stab. Baadaye Gruppe kadhaa za mapigano ziliongezewa Staffel ya nne, na kila Staffel ikapangiwa ndege 16, hivyo Soll ikapanda hadi 68. Ukiona Ist ya 45 mwaka 1940 kikosi kimeshiba. Ukiiona mwishoni mwa 1944 kwenye Gruppe iliyopanuliwa, kikosi hicho kina njaa.

Kuchanganya mpango na hali halisi kuliwahi kuzua ubishi mkubwa London. Idara ya upelelezi ya wizara ya anga ya Uingereza iliikadiria Staffel moja kuwa na ndege 12 za kwenda mstari wa mbele. Profesa Lindemann, mshauri wa kisayansi wa Churchill, alitazama ushahidi uliotokana na ujumbe wa siri wa Wajerumani ulionaswa na kufumbuliwa, akasema hesabu ya haki ni tisa, kwa sababu tatu ni za akiba. Tofauti ya ndege tatu inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa mamia ya Staffel. Mwishoni mwa 1940 Churchill alimteua jaji, Singleton, awasikilize wote na kupima ushahidi wao kama mahakamani, na mwanzoni mwa 1941 ikadhihirika kwamba pengo kati ya Ujerumani na Uingereza lilikuwa dogo kuliko ilivyohofiwa. Jaji akihesabu ndege! Lakini kazi ilikuwa hiyohiyo unayoifanya wewe: kuuliza kila tarakimu kama ni mpango, ni kilichopo, au ni kinachoweza kuruka.

Ukishaandika Ist na e.b. za ndege kwenye daftari lako, zifunike. Sasa nenda kulia.

Hatua ya nne: soma safu za watu

Hapa utakuta neno Besatzungen, yaani timu za ndege. Kwenye vikosi vya ndege za mapigano zenye kiti kimoja, timu ni rubani mmoja. Kwenye Ju 88, ndege ya mabomu, timu ni watu wanne: rubani, mwelekezaji anayelenga mabomu, mtu wa redio na mpiga bunduki. Kwenye Bf 110, ndege ya mapigano yenye injini mbili, ni wawili, na ile ya usiku mara nyingi watatu. Tarakimu inahesabu timu, haihesabu vichwa. Gruppe ya Ju 88 yenye timu 30 ina watu 120 wa kuruka, na Gruppe ya Bf 109, ndege ya mapigano yenye kiti kimoja, yenye timu 30 ina watu 30. Ndiyo maana hasara ya ndege kumi za mabomu haiwezi kulinganishwa na hasara ya ndege kumi za mapigano, hata kama kwenye jedwali zimekaa mstari kwa mstari.

Kuna Ist ya watu pia. Hii ni idadi ya timu zilizoandikishwa kikosini, wakiwemo walio likizo, wagonjwa, majeruhi wanaotarajiwa kurudi na waliotumwa kazi nyingine. Ukiona Ist ya watu ni kubwa kuliko Ist ya ndege, usidhani kikosi kina watu wa ziada. Huenda nusu yao wako hospitalini.

Kisha inakuja safu ya watu waliokuwa e.b. Na baada yake, katika taarifa nyingi, inakuja safu ndogo ambayo binafsi ndiyo huiangalia kwanza: bedingt einsatzbereit, walio tayari kwa masharti. Hawa ni watu walio kikosini, wana afya, wanaweza kuruka, lakini kamanda hawezi kuwatuma popote apendapo. Wengi ni vijana waliotoka shule ya urubani juzi na hawajaizoea ndege ya kikosi hicho au mbinu zake. Anayekusanya nguvu kwa pupa hujumlisha safu hii na ile ya walio tayari kamili. Anayetafuta kisingizio huiacha kabisa. Wewe iandike peke yake.

Inafaa kukumbuka ni nani aliyeamua kijana huyu awe safu ipi. Hakuna mashine iliyopima. Aliamua kamanda wa Staffel au wa Gruppe, kwa kumjua mtu, kwa kutazama saa zake na kwa kushinikizwa kutoka juu. Kamanda mwenye watu wengi wazuri aliweza kuwa mkali na kumweka mgeni kwenye masharti kwa wiki kadhaa. Kamanda aliyebaki na watu wanane alimpandisha haraka. Ndiyo sababu kupungua kwa safu ya masharti si lazima kuwe habari njema: mara nyingine vijana wamekomaa, mara nyingine wamekufa, mara nyingine viwango vimeshushwa. Tarakimu peke yake haitakwambia ni lipi kati ya hayo matatu, lakini hatua ya saba itakusaidia.

Hatua ya tano: fanya hesabu

Tuchukue mifano miwili ya kubuni, kwa ajili ya kujifunza tu.

Gruppe ya mabomu: ndege zilizopo 31, zinazoruka 18. Timu zilizopo 34, tayari 23, kwa masharti 5. Timu sita zilizobaki hazipo au haziwezi. Ni ndege ngapi zinaweza kwenda usiku huu? Kumi na nane, kwa sababu hata ukiwa na timu 23, mashine ni 18. Kikosi hiki kinabanwa na karakana: vipuri, mafundi, hali ya hewa, uwanja mbovu.

Gruppe ya mapigano: ndege zilizopo 40, zinazoruka 34. Marubani waliopo 38, tayari 17, kwa masharti 11. Ni ndege ngapi zinaweza kwenda? Kumi na saba kwa uhakika. Ukiwatuma na vijana, 28. Ndege sita nzima zenye mafuta na risasi zitabaki uwanjani kwa vyovyote. Kikosi hiki kinabanwa na watu.

Kanuni ni kwamba kati ya ndege zinazoruka na timu zilizo tayari, unachukua ile ndogo. Andika pia ile ndogo ni ya upande gani, kwa herufi moja tu pembeni, N kwa ndege au W kwa watu. Ukifanya hivyo kwa Gruppe ishirini za tarehe moja, ukurasa wako utakueleza tatizo la jeshi zima bila kuhitaji aya ndefu. Asilimia ni nyongeza nzuri (kwenye mfano wa pili ndege ni asilimia 85, marubani ni asilimia 45), ila usizitumie kwa Stab yenye ndege tatu. Ndege moja ikipasuka tairi, utayari wa kikosi hicho unashuka kwa theluthi.

Mstari wenye sifuri nao usikuogopeshe. Gruppe iliyotolewa mbele kupumzika, au inayobadilishiwa aina ya ndege, inaweza kuonyesha ndege sifuri na marubani thelathini. Wapo, wanajifunza ndege mpya.

Hatua ya sita: soma tarakimu zenyewe kwa makini

Taarifa nyingi zimechapwa kwa mashine, lakini marekebisho ya kalamu ni mengi. Moja ya Kijerumani ina mkia mrefu unaopanda na inafanana na saba yetu. Saba yao ina kistari katikati. Tarehe huenda siku, mwezi, mwaka, na nukta kati yao: 10.8.40 ni tarehe 10 Agosti 1940. Madaftari ya marubani ya mwanzoni mwa vita huenda yameandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Shule ziliacha kuufundisha kuanzia 1941. Kama jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa hailingani na mistari yako, jumlisha upya kabla ya kuwalaumu makarani.

Hatua ya saba: fuata kikosi kwa miezi, usisimame kwenye siku moja

Taarifa moja ni picha moja. Ukizipanga kumi za kikosi kimoja, utaanza kuona mwendo.

Mwendo wa kwanza wa kuutafuta ni majira. Ndege zinazoruka hushuka wakati wa matope na baridi kali upande wa Urusi, hasa majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942, lakini safu ya watu haitikisiki sana. Huo ni ugonjwa wa mashine.

Mwendo wa pili umejificha zaidi, na Stalingrad ndio mfano wake. Kuanzia mwishoni mwa Novemba 1942 hadi mwanzoni mwa Februari 1943 Luftwaffe ilijaribu kulisha jeshi zima lililozingirwa. Wakubwa walizungumzia tani 500 kwa siku. Zilizofika kwa wastani zilizidi kidogo tani 100. Vitabu vingi vinataja ndege karibu 490 zilizopotea. Msomaji wa taarifa za utayari anauliza swali jingine: timu za Ju 52, ndege ya kusafirisha mizigo, zilizoonekana kwenye taarifa zile zilitoka wapi? Nyingi zilichotwa kwenye shule za mafunzo, walimu pamoja na ndege zao. Kwenye karatasi ya Desemba 1942 wanaonekana kama timu zilizo tayari, tena nzuri sana, watu wenye maelfu ya saa. Ukiutazama utayari wa siku ile peke yake utaona jeshi limejiongezea nguvu. Kumbe limekula mbegu zake. Wanafunzi ambao walimu hao wangewafundisha walitakiwa kufika vikosini miezi mingi baadaye.

Hapo ndipo mwendo wa tatu unapoanza. Hadi mwaka 1942 rubani wa Kijerumani alifika mbele akiwa na takribani saa 240 za kuruka. Kuanzia katikati ya 1943 zilikuwa kama 170. Katika mwaka wa mwisho wa vita zilikuwa kama 110, wakati Waingereza na Wamarekani walikuwa wamevuka 300. Sasa rudi kwenye safu ya masharti. Kijana wa saa 110 anapoandikwa e.b. mwaka 1944, na kijana wa saa 240 alipoandikwa e.b. mwaka 1940, herufi ni zilezile, safu ni ileile, mtu si yuleyule. Katika miezi mitano ya kwanza ya 1944 Ujerumani ilipoteza zaidi ya marubani 2,200 wa ndege za mapigano, karibu sawa na idadi ya wote waliokuwepo kwa wastani katika miezi hiyo. Ukiangalia Ist ya marubani ya Januari na ya Mei huenda usione mshtuko mkubwa, maana shule ziliendelea kujaza. Adolf Galland, mkuu wa ndege za mapigano, aliwaeleza wakubwa wake Aprili 1944 kwamba katika miezi minne amepoteza zaidi ya marubani 1,000, wakiwemo makamanda bora wa Staffel, Gruppe na Geschwader. Kwa hiyo unapofuata kikosi mwaka huo, usitosheke na idadi: tafuta kamanda amebadilika mara ngapi. Gruppe iliyopata makamanda watatu katika miezi mitatu si ile uliyoanza nayo, hata kama imeandikwa marubani 32 mwanzo na 32 mwisho.

Kuanzia Mei 1944 ongeza jambo jingine ambalo taarifa hizi hazina safu yake: mafuta. Uzalishaji wa petroli ya ndege ulikuwa kama tani 175,000 mwezi Aprili; baada ya viwanda vya mafuta kupigwa mabomu, Septemba ulikuwa chini ya tani 20,000. Kuanzia hapo unaweza kukuta kikosi chenye ndege tayari na watu tayari ambacho hakikuruka wiki nzima. Kanuni yetu ya kuchukua ile ndogo inahitaji tarakimu ya tatu, nayo utaitafuta kwenye shajara ya kikosi, Kriegstagebuch, kama ilisalia.

Hatua ya nane: linganisha na karatasi nyingine

Orodha ya hasara ndiyo ya kwanza. Wajerumani walipima uharibifu wa ndege kwa asilimia. Chini ya 10 ni mkwaruzo. Ikifika 60 na kuendelea ndege inafutwa kwenye hesabu. 100 ni kupotea kabisa, mara nyingi kwenye ardhi ya adui au baharini. Pembeni yake huandikwa hali ya kila mtu wa timu: amekufa, amejeruhiwa, hajulikani alipo. Hii ndiyo inayoziba pengo la taarifa ya utayari. Ndege ikifutwa kwa asilimia 80 nyumbani na rubani akaruka kwa mwavuli salama, safu ya ndege inapungua moja na ya watu haipungui. Ikipigwa juu ya London, zote mbili zinapungua. Hii ni sababu mojawapo kubwa iliyowaumiza Wajerumani kiangazi cha 1940: Mwingereza aliyeruka kwa mwavuli juu ya Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, alirudi kikosini, Mjerumani aliyeruka hivyo hivyo alikwenda kifungoni.

Daftari la safari la rubani, Flugbuch, linafuata. Linaonyesha kila safari: namba yake, aina ya ndege, kusudi, saa ya kupaa na ya kutua. Neno la kulitafuta ni Feindflug, safari ya vita. Marubani walilitunza vizuri kwa sababu kulikuwa na nishani iliyotegemea hesabu hiyo kuanzia 1941: ya shaba kwa safari 20, ya fedha kwa 60, ya dhahabu kwa 110. Mtu anayedaiwa kuwa tayari mwezi mzima na ambaye daftari lake lina safari moja ya kupima injini anakupa la kufikiria.

Kisha wapo Waingereza. Kuanzia Mei 1940 wafumbuzi wa Bletchley Park, kituo cha siri cha Uingereza cha kufumbua ujumbe wa adui, walikuwa wakisoma mara kwa mara sehemu ya ujumbe wa redio wa Luftwaffe, na taarifa za nguvu za vikosi zilikuwa miongoni mwake. Pale ambapo karatasi ya Kijerumani imeungua, tafsiri ya Kiingereza ya ujumbe huohuo inaweza kuwa imebaki. Inapendeza, na inachekesha kidogo, kwamba baadhi ya vikosi tunavijua leo kwa sababu adui alivisikiliza.

Hatua ya tisa: ujue pa kutafuta, na ujue palipotoboka

Sehemu kubwa ya nyaraka za Luftwaffe iliteketezwa na Wajerumani wenyewe mwisho wa vita. Zilizosalia ziko hasa kwenye hifadhi ya kijeshi ya Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, mjini Freiburg. Alama ya kuanzia ni RL, na kundi la RL 2 III ndilo la yule mkuu wa ugavi aliyekuwa akikusanya taarifa hizi. RL 10 ni la vikosi vya kuruka vyenyewe. Marekani walipiga picha nyaraka nyingi walizoziteka kabla ya kuzirudisha, na mfululizo wa filamu ndogo T-321 ni wa makao makuu ya Luftwaffe. Jumbe zilizofumbuliwa ziko Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, chini ya DEFE 3 na HW 5. Kwa habari za mtu mmoja mmoja, ile ofisi ya Berlin iliyotunza kumbukumbu za askari, iliyojulikana kama WASt, iliingizwa ndani ya Bundesarchiv tarehe 1 Januari 2019, hivyo barua sasa inaandikwa huko.

Unapoandika barua, usiombe "taarifa za marubani wa vita". Taja kikosi kwa namba yake sahihi, taja mwezi, taja aina ya karatasi unayoitaka, na uulize gharama ya nakala kabla hujaagiza. Orodha za hasara za 1944 zina pengo kubwa, kwa hiyo kwa mwaka huo jiandae kutegemea zaidi shajara za vikosi, madaftari ya marubani na jumbe za Kew. Na kwenye daftari lako, pale ambapo taarifa ya wiki fulani haipo, acha nafasi tupu na uiwekee alama. Usiijaze kwa wastani wa wiki iliyotangulia na inayofuata, maana wiki zinazokosekana mara nyingi ni zile ambazo kikosi kilikuwa kinahama au kinakimbia, na hizo ndizo zilizokuwa tofauti kabisa na jirani zake.